Kinjikitile Ngwale: Aliyewakusanya watu bila kungoja nishani

Na Mwandishi Wetu

TUZO za kuwashirikisha wananchi katika mambo yanayowahusu zimekuwa nyingi duniani katika miaka ya karibuni. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, hutoa Tuzo ya Ikweta kwa jamii zinazosimamia zenyewe rasilimali zao, na Tanzania haikuachwa nyuma. Mwaka 2002, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, wananchi wanaotunza msitu wa Suledo wilayani Kiteto walikuwa miongoni mwa washindi.

Pwani ya kusini nayo ina sifa yake. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilikuwa katika mpango uliopata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu wa misitu. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho, na mti uliowapa heshima hiyo ni mpingo.

Wanaotoa tuzo za namna hii huuliza maswali yanayofanana. Je, wananchi walishirikishwa tangu mwanzo, au waliletewa uamuzi uliokwisha kupitishwa? Je, walioitwa walikuja kwa hiari yao? Je, faida ilimfikia aliyeshika jembe?

Kama maswali hayo yangeulizwa miaka zaidi ya 100 iliyopita katika vilima vya Umatumbi, kaskazini mwa Kilwa, jina moja lingetajwa kabla ya mengine yote. Ni jina la Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, ambaye wengine huandika jina lake Kinjeketile. Mtu huyu hakuwa mfalme wala akida, na hakuwa na jeshi la kulipwa. Hata hivyo, kwa muda wa mwaka mmoja tu aliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya kiongozi mmoja.

Maisha yake yana fahari, lakini yana msiba pia. Mwandishi anayetaka kumtendea haki hana budi kuyasimulia yote mawili.

Shamba la jumuiya lisilo na jumuiya

Ili kumfahamu Kinjikitile, ni lazima kwanza kuifahamu nchi aliyoishi. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umekwisha kuota mizizi katika pwani ya Kilwa. Mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani kwa silaha, alinyongwa Kilwa Kivinje. Mwembe uliotumika kwa kazi hiyo uliacha jina ambalo wenyeji wanalo mpaka leo, Mwembe Kinyonga.

Baada ya kifo hicho pwani ilitulia kwa nje, lakini mzigo wa wananchi ulizidi kuwa mzito. Mwaka 1898 ilianzishwa kodi ya nyumba, na mwaka 1905 ikaja kodi ya kichwa ya rupia 3. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Maakida na majumbe, ambao wengi wao waliwekwa na serikali bila wenyeji kuulizwa, ndio waliokusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kazini.

Kisha ikaja pamba. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, alitaka koloni lizalishe zao la kuuza nje. Badala ya kutegemea masetla peke yao, aliamuru kila jumbe awe na shamba la pamba ambalo watu wake wangelilima kwa pamoja. Mpango huo ulianza mwaka 1902 karibu na Dar es Salaam, ukapelekwa kusini.

Kwa maandishi, mpango ulipendeza. Shamba liliitwa la jumuiya, mapato yaligawanywa mafungu matatu, na wakulima walitengewa fungu lao kando ya fungu la jumbe na lile la halmashauri iliyouza zao. Kanuni ilitaka kila mtu atoe siku 28 za kazi kwa mwaka.

Kwa vitendo, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Siku za kazi zilizidi kiasi kilichowekwa, viboko vya wasimamizi havikukoma, na pamba ilidai mikono ya watu katika majira yaleyale ambayo mashamba yao ya chakula yalihitaji kupaliliwa na kulindwa dhidi ya nguruwe. Malipo yalipofika yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuyapokea.

Huo ndio mfano wa kale wa ushirikishwaji wa jina tu. Wananchi walitiwa katika shamba la pamoja, lakini hakuna aliyewauliza kama walilitaka, lilimwe wapi, au lini.

Aliyetoka mtoni akiwa mkavu

Ngarambe ni kijiji kilicho upande wa Rufiji, karibu na mpaka wa Umatumbi, ambako mito midogo huteremka kuelekea mto mkubwa. Huko ndiko alikoishi Kinjikitile mwanzoni mwa karne ya 20. Habari za utoto wake ni chache. Kilichobaki katika simulizi za wazee ni mtu mzima, mganga, aliyeheshimiwa na majirani zake.

Mwaka 1904, kwa mujibu wa simulizi hizo, Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Alivutwa hadi kwenye kina cha mto na kuzama. Jamaa zake walimtafuta bila mafanikio wakadhani amekufa maji. Kesho yake aliibuka akiwa salama na nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutoa unabii.

Msomaji wa leo anaweza kuisikiliza habari hiyo kwa shaka. Lakini kwa watu wa bonde la Rufiji ilikuwa na maana iliyo wazi. Hongo alijulikana kuwa mjumbe wa Bokero, mzimu mkubwa aliyekuwa na mahali pake pa ibada Kibesa, kwenye maporomoko ya Mto Rufiji. Watu wa makabila mbalimbali walikwenda huko kuomba mvua na mavuno tangu zamani. Kinjikitile, kwa hiyo, alizungumza kwa lugha ya imani ambayo jirani wa kabila lolote aliielewa bila mkalimani.

Ujumbe wake ulikuwa na mambo matatu. La kwanza, watu wote ni wamoja, na marehemu wao hawakupotea bali wapo pamoja nao. Pale Ngarambe alijenga nyumba kubwa ya ibada ambamo wageni walikuja kukutana na wahenga wao. La pili, utawala wa kigeni utaondoka. La tatu, ipo dawa itakayowalinda, nayo ni maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama.

Hapo ndipo penye ufundi wake kama mhamasishaji. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na Wapogoro hawakuwa na dola moja wala mtawala mmoja. Kila ukoo ulijitegemea, na baadhi yao walikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Kiongozi ambaye angetumia jina la ukoo wake angewapata watu wa ukoo huo peke yao. Kinjikitile alitumia jina la wahenga wa wote.

Mnong'ono uliotembea

Habari za Ngarambe hazikupigiwa mbiu. Zilisambazwa kwa njia iliyoitwa njwiywila, yaani mnong'ono wa siri. Mtu mmoja alimnong'oneza mwenzake anayemwamini, naye akampitishia mwingine. Katika nchi ambayo akida alikuwa na masikio kila mahali, hiyo ndiyo iliyokuwa njia salama ya kufikisha taarifa kwa wananchi wengi.

Miezi ya mwanzo ya mwaka 1905 misafara ya mahujaji ilimiminika Ngarambe. Walikuja wanaume, wanawake na watoto, ukoo baada ya ukoo. Kwa nje ilionekana kama safari ya kawaida ya kutafuta dawa. Kwa ndani, watu walikuwa wakikutana na wenzao wa mbali na kugundua kuwa kilio chao ni kimoja.

Kila kundi liliporudi kwao lilikuwa na maji, na pia lilikuwa na maagizo. Vijana walifundishwa kukwata kwa siri. Wajumbe, ambao nao waliitwa hongo, walitumwa mbali zaidi kupeleka dawa kwa wale wasioweza kufika. Kwa namna hiyo mtu mmoja aliyekaa kijijini aliweza kusikika mamia ya kilomita kutoka kwake.

Hata hivyo, Kinjikitile hakutoa amri ya vita. Aliwataka watu wangoje hadi maandalizi yakamilike na wote wawe tayari. Hakuna ajuaye kama siku hiyo ingefika, kwa sababu subira ya waliokuwa wakichapwa viboko kila siku ilikuwa imekwisha.

Mimea mitatu ya Nandete

Mwishoni mwa Julai 1905, pamba ya msimu mwingine ikiwa shambani, Wamatumbi waliamua kutongoja tena. Walihoji kwa nini waendelee kulima zao la mtu ambaye wamekwisha kuazimia kumfukuza. Asubuhi moja, wanaume wa Nandete walipanda hadi kwenye shamba la pamba. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mimea mitatu.

Kwa macho ya mkulima, mimea mitatu ni hasara ndogo mno. Kwa macho ya serikali, lilikuwa tangazo la vita, na waliong'oa walilijua hilo. Ngoma zikalia kutoka kilima hadi kilima. Wapiganaji walimwandama akida wa Kibata, kisha wakateremka pwani, na kabla ya mwezi huo kwisha makazi ya wafanyabiashara ya Samanga, kaskazini mwa Kilwa, yalikuwa yameteketezwa kwa moto.

Kwa hiyo vita hivyo vikubwa katika historia ya nchi hii vilianza bila ruhusa ya mtu aliyeviandaa. Wananchi waliounganishwa na Kinjikitile walikuwa wameichukua kazi mikononi mwao. Wale wanaopima ushirikishwaji wa umma leo wangeliona jambo hilo kuwa dalili ya mafanikio. Lakini lilimgharimu Kinjikitile maisha yake.

Serikali haikuchelewa kumfuata. Alikamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro pamoja na msaidizi wake, siku chache tu baada ya mimea ya Nandete kung'olewa. Simulizi zinaeleza kuwa mbele ya kitanzi aliwaambia waliomhukumu kuwa kifo chake hakitabadili kitu, kwa kuwa dawa ilikuwa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Hakukosea. Ndugu yake aliendelea kugawa maji, akichukua jina la Nyamguni. Abdalla Mapanda aliwaongoza wapiganaji, na Selemani Mamba akasimama katika nchi iliyo nyuma ya mji wa Lindi. Mwezi Agosti boma la Liwale lilianguka, na misheni ya Masasi ikachomwa. Maji yakavuka kwenda Mahenge, Kilosa na Ungoni, ambako Nkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi wa watu wake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyapokea. Katika muda mfupi makabila yapatayo 20 yalikuwa vitani.

Gharama ya ahadi

Hapa ndipo sifa za Kinjikitile zinapokutana na swali zito. Maji hayakuzuia risasi. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge wakiwa na imani kamili na dawa yao, wakakutana na bunduki za rashasha. Waliokufa siku hiyo walikuwa mamia.

Wajerumani walipoona kuwa vita vya msituni havitaisha kwa risasi peke yake, waligeukia chakula. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mashamba yakaharibiwa. Mwaka 1906 na 1907 njaa iliwamaliza wale walionusurika vitani. Takwimu za serikali ya kikoloni zilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, mtafiti aliyezikusanya simulizi za wazee wa Umatumbi, alikadiria kuwa waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliouawa katika vita hivyo walikuwa 15.

Je, aliyewaambia watu kuwa risasi zitageuka maji anastahili heshima? Wapo wanaomlaumu kuwa aliwapeleka watu machinjoni kwa ahadi isiyo na msingi. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani kiongozi anayewakusanya watu huwajibika pia kwa ukweli wa kile anachowaahidi.

Lakini kuna upande wa pili. Bila maji yale, Mmatumbi na Mpogoro wasingeaminiana. Dawa ilikuwa kiapo kilichowafunga watu wasiojuana, na imani hiyo ndiyo iliyowafanya wakulima wenye mikuki na magobori wathubutu kusimama mbele ya dola yenye mizinga. Kosa la kuahidi kinga dhidi ya risasi halifuti ukweli kwamba waliitika wenyewe, bila kupigwa kiboko. Ni kinyume kabisa cha shamba la pamba.

Na shamba hilo halikudumu. Götzen aliondoka mwaka 1906, na chini ya Gavana Albrecht von Rechenberg mpango wa mashamba ya pamba ya kulazimishwa ukaachwa. Walioshindwa vitani waliipata hoja yao, ingawa waliofaidika nayo hawakuwa wengi waliobaki hai.

Nani alipewa nishani?

Mwaka 1912, Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani alianzisha nishani kwa ajili ya waliopigana katika makoloni. Nishani hiyo ilikuwa na vipande vya kubandikwa vyenye majina ya vita, na kimojawapo kiliandikwa jina la Afrika Mashariki ya Kijerumani na miaka 1905 hadi 1907. Kwa hiyo vita vya Majimaji vilikuwa na nishani yake, na walioivaa kifuani ni wale waliochoma maghala.

Kwa upande wa Ngarambe na Nandete hakukuwa na chuma cha kubandika. Heshima yao ilihifadhiwa midomoni mwa wazee. Mwaka 1956, Julius Nyerere aliikumbusha Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa kuwa watu wa Tanganyika walikwisha kupigana dhidi ya kutawaliwa tangu mwanzo. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika simulizi za vita hivyo. Mwaka uliofuata ikachapishwa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mwandishi aliyezaliwa katika pwani hiyohiyo ya kusini, ambayo imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa shule za Afrika Mashariki.

Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, na kila mwaka mashujaa hao hukumbukwa. Huko ndiko Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikokwenda tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake. Nandete nako kuna mnara wa kumbukumbu, ingawa msafiri atokaye Kilwa kwenda kuuona huhitaji uvumilivu wa barabara za vilimani.

Lakini huenda kumbukumbu inayomfaa zaidi Kinjikitile ni ile isiyo na jina lake. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ilipofungua mlango kwa vijiji kusimamia wanyama walio katika ardhi yao, Ngarambe na jirani yake Tapika viliungana na kuunda jumuiya inayojulikana kwa jina la Mungata, kifupi cha Muungano wa Ngarambe na Tapika. Katika kijiji kilekile ambako watu waliitana kwa mnong'ono, wajukuu wao wameitana tena, safari hii kwa mikutano ya hadhara na kwa mujibu wa sheria.

Jumuiya za aina hiyo hazikosi matatizo. Migogoro ya mapato na mipaka ipo, na wanavijiji wengi nchini bado hulalamika kuwa huitwa mkutanoni kusikiliza uamuzi badala ya kuufanya. Malalamiko hayo yangeeleweka vizuri mno kwa wanaume wa Nandete waliopanda kilimani asubuhi ile ya Julai.

Wanaogawa tuzo za ushirikishwaji wana sababu nzuri ya kuzigawa, na wanaozipata wanastahili pongezi. Ila kabla ya kukiandika cheti wangefanya vyema kuwakumbuka Götzen na Kinjikitile. Wa kwanza aliliita shamba lake la jumuiya, akahitaji viboko kulipalilia. Wa pili hakuwa na cha kuwalipa watu, nao walitembea siku kadhaa kwa miguu kwenda kumsikiliza.